Pedali Isiyorudi Asubuhi

Siku mliyoniaga pale karakana mlinizawadia saa ya ukutani. Nawashukuru, ingawa nilijiuliza kwa nini mtu apewe saa siku anapoacha kuihitaji. Nimeitundika sebuleni, juu ya meza ninayoandikia, na haijawahi kuniharakisha.

Halima, aliyerithi benchi langu, alinisindikiza mpaka kituoni akaniambia, "Mama Tekla, andika. Ukiondoka na vitu vyote kichwani, sisi tutavipata wapi?" Ni maneno makali kumwambia mtu ambaye bado ana ladha ya soda ya kuagwa mdomoni, lakini ana haki. Basi naandika. Vyeo nitaviruka, maana sijawahi kuona cheo kikifungua nati. Nitaanza na siku ya kwanza, kisha nitawapa gari moja tu, lile lililonifundisha kazi kuliko mengine yote.

Nilifika Dar es Salaam kutoka upande wa Masasi, nikiwa na cheti cha ufundi wa magari na jozi moja ya viatu. Ilikuwa enzi za Ujamaa, wakati kila mtu alikuwa ndugu na kila kitu kilikuwa na foleni. Karakana niliyopangiwa ilikuwa Gerezani, mwendo mfupi kutoka soko la Kariakoo: paa la bati, sakafu nyeusi ya oili, na ovaroli moja ya ziada iliyoshonwa kwa ajili ya mtu mnene ambaye hakuna aliyemkumbuka. Niliivaa hiyo. Nilikunja mikono mara tatu na miguu mara nne, na nilipopita, wenzangu waliuliza kama ovaroli imeingia yenyewe au ina mtu ndani.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Nambunga. Alikuwa mfupi, mwenye kofia ya kitambaa isiyovuliwa, na sauti aliyoitumia kama watu walivyotumia sukari wakati ule, kwa kubana.

"Shikamoo, fundi," nikamwamkia.

"Marahaba. Jina?"

"Tekla."

Aliniangalia mikono, si uso. "Tekla, chuma hakijui kama wewe ni mwanamke. Usikiambie."

Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake ya kunikaribisha. Kisha akanipa debe la nati na bolti zilizochanganyika, akaniambia nifumbe macho nizipange kwa ukubwa. Nilidhani ananidhihaki. Wenzangu wawili walikuwa wanacheka, kwa hiyo nilikuwa na sababu. Lakini nilipomuuliza kwa nini nifumbe macho na jua linawaka, alijibu, "Siku utakayokuwa chini ya lori, mkono umeingia mpaka bega, hutaona kitu. Vidole vianze kuzoea." Mpaka leo naweza kuitambua nati ya kumi na tatu nikiwa nimelala. Mume wangu marehemu alisema ni kipaji cha ajabu kisichompikia mtu chai.

Mzee Nambunga alikuwa na sheria moja aliyoirudia kuliko zote: usiguse kitu kabla hujakiona kikikosea. Dereva akija na malalamiko, mafundi wengi hukimbilia spana. Yeye alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuuliza maswali. Lini? Wapi? Injini baridi au moto? Nani alikuwa ndani? Umebadilisha nini? Nilipenda sana maswali hayo. Nyumbani kwetu waliniita mdaku kwa tabia hiyohiyo. Hapa nilionekana nina bidii.

Lazima niwaambie pia hali ya vifaa, kwa sababu ninyi mnafungua kopo jipya la grisi bila hata kulitazama. Sisi grisi tuliisikia. Ilikuja kopo moja, ikaisha, kisha tukaishi kwa kumbukumbu yake. Gasketi tulikata kwenye maboksi magumu. Mikono tulinawa kwa majivu na mchanga. Springi iliyokatika ilikunjwa tena kutoka kwenye springi ya kitu kingine, na kitu hicho kingine kikabaki kinalegea. Kila mtu mjini alikuwa fundi wa kubuni, na ubunifu huo ndio uliotuletea pikapu ninayotaka kuisimulia.

Ilikuwa mali ya ushirika wa wauza samaki na mboga wa Kariakoo. Ilikuwa ya zamani hata kwa wakati ule, rangi ya kijani iliyopauka, na ilitengenezwa huko ilikotoka ikiwa na usukani upande wa kushoto. Mtu fulani aliuhamishia kulia. Kwa sababu kabureta ilibaki upande wake wa zamani, pedali ya mafuta haikuweza kuifikia moja kwa moja. Kwa hiyo chini ya boneti, kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva, palipita bomba refu lenye ufito wa chuma ndani yake. Ukikanyaga pedali, ufito unazunguka ndani ya bomba. Upande wa pili unavuta mkono mdogo wa kabureta. Kipepeo cha kabureta kinafunguka, injini inapata hewa na mafuta, gari linakimbia. Ukiinua mguu, springi inarudisha yote mahali pake. Ndivyo inavyopaswa kuwa.

Dereva wake alikuwa Mzee Issa, mtu wa Kilwa, mtulivu, aliyeitunza pikapu ile kuliko wengi walivyotunza nyumba zao. Kila alfajiri aliitoa kwenye ua wa soko, akaenda Feri kuchukua samaki, akarudi kabla jua halijawa kali. Hakuwahi kugonga hata kuku. Halafu kipupwe cha mwaka ule kikaingia, na ndani ya majuma machache akagonga mara mbili.

Mara ya kwanza alikuwa anatoka uani. Anasema aliinua mguu ili akate kona, na gari likaendelea kuongeza mwendo kana kwamba hajainua. Aliifikia breki akiwa amechelewa. Akaiparamia meza ya Mama Kidawa, muuza vitumbua wa pale kwenye kona. Mama Kidawa aliruka, karai likapinduka upande wa pili, asante Mungu. Vitumbua viliokotwa na wapita njia waliojitolea bila kuombwa. Mara ya pili alikwangua mlango wa bati wa duka la Bwana Mushi, ambaye alikuwa muuza duka wa jumla kutoka Kilimanjaro na pia katibu wa kamati ya ushirika. Bwana Mushi alikuwa amesimama hatua moja kutoka mlango huo.

Baada ya hapo mtaa ukawa na majibu yote. Wengine walisema mzee amezeeka miguu. Wengine wakasema anakunywa, jambo lililomuumiza zaidi, kwa sababu hakuwahi kuonja. Mama Kidawa aliihamisha meza yake mbali na kona, akaipeleka uchochoroni ambako wateja hawapiti, akasema heri biashara ndogo kuliko kukaangwa pamoja na vitumbua. Na kamati ikatangaza kwamba Ijumaa itakaa kuamua kama Mzee Issa aendelee kushika usukani. Alikuwa na watoto sita na hakujua kazi nyingine.

Pikapu ililetwa Gerezani. Ililetwa saa nne, jua limechanganya, injini ina moto wa safari. Tuliikanyaga pedali: ikaenda, ikarudi, laini kama siagi, na siagi yenyewe tulikuwa tumeisahau. Mwenzetu mmoja alisafisha kabureta kwa petroli. Mwingine akakaza springi. Wakatoa mkeka wa miguuni, wakisema labda ndio unaoibana pedali. Mzee Issa aliondoka akishukuru, na kesho yake alfajiri ikamkimbia tena, safari hii uani, ikasimama kwenye marundo ya magunia ya vitunguu. Akairudisha kwetu saa nne. Saa nne ikawa nzima.

"Mnaona?" wakasema wenzangu. "Gari zima, dereva mbovu."

Mzee Nambunga akapindua ndoo yake, akakaa. Akaniita nikae naye.

"Issa, linafanya hivi lini?"

"Asubuhi, fundi. Asubuhi tu. Jua likipanda ni malaika."

"Injini baridi?"

"Baridi. Nikifika Feri huwa limeanza kulegea. Kurudi linarudi na adabu zake."

"Choki unavuta?" nikauliza mimi. Choki, kwa wale waliozaliwa na magari ya kompyuta, ni kile kivuta cha kuongezea injini baridi mafuta, na kikigandia huweza kuacha injini ikiunguruma kwa nguvu.

"Kidogo tu, binti yangu. Naisukuma kabla sijatoka getini."

"Umebadilisha nini kwenye gari, baba?"

"Sijabadilisha kitu."

"Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu! Mimi naliosha, nalifuta, nalilisha. Siligusi."

Niliandika kichwani kila neno, na neno moja likapita mbele ya pua yangu bila mimi kulikamata. Mzee Nambunga aliinuka kwenye ndoo. "Hili ni kama mgonjwa anayepona akiona mlango wa hospitali," akasema. "Tekla, kesho lifuate nyumbani kwake."

Nilikuwa nimepanga chumba Ilala. Kesho yake niliamka gizani, na kipupwe kilikuwa kimekaza. Mtu wa milimani angecheka kusikia sisi wa Dar tukisema baridi, lakini sakafu ya saruji saa kumi na moja alfajiri haichekeshi. Nilichemsha maji, nikaweka chupa ya mafuta ya nywele kwenye bakuli la maji ya moto kama nilivyofanya kila asubuhi ya msimu ule, nikachana nywele, nikafunga kilemba, nikavaa ovaroli ya yule mnene. Kulipoanza kupambazuka nilikuwa kwenye ua wa soko, na Mzee Issa ananisubiri kando ya pikapu iliyolowa umande.

"Niwashe?"

"Usiwashe, baba. Usiguse hata mlango."

Nilifungua mlango mwenyewe, nikaibonyeza pedali kwa mkono, nikaiachia. Ilirudi. Lakini ilirudi kama mgeni anayeaga huku bado anataka kuulizwa habari za nyumbani. Nikaibonyeza mpaka chini kabisa, nikaiachia. Ikakaa hapohapo. Pedali ya mafuta, imelala sakafuni, hakuna mguu wa mtu juu yake. Nilikaa nikaitazama, na nakumbuka nilifurahi sana, jambo lisilofaa mbele ya mtu anayekaribia kupoteza kazi.

"Umeona?" akasema Mzee Issa. "Umeona mwenyewe? Sikulewa?"

"Nimeona, baba. Hukulewa."

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo pana kazi. Kitu kinachopita njia ndefu kikikwama, usianze mwanzo wala usianze mwisho. Kata njia. Nilifungua boneti, nikachomoa kiungio cha upande wa kabureta. Nikausogeza mkono wa kabureta kwa kidole: ukarudi kwa mlio, tak! Kabureta haina kosa, na springi yake haina kosa. Nikachomoa upande wa pedali. Pedali peke yake ikacheza bila uzito. Kumbe wote wawili tuliokuwa tunawasumbua siku zile ni mashahidi tu. Kilichobaki ni kilichokuwa katikati: lile bomba na ufito wake. Nikaushika ufito, nikauzungusha. Ilikuwa kama kukoroga ugali ulioiva.

Juu ya bomba palikuwa na tundu dogo la kutilia oili. Nikaingiza ncha ya bisibisi. Ikatoka na kitu cheupe, kizito, chenye vumbi. Nikakiweka kati ya kidole gumba na cha shahada nikakisugua, nacho kikayeyuka, kikawa maji mkononi mwangu. Nikanusa. Ilikuwa harufu yangu mwenyewe, ile niliyotoka nayo nyumbani chini ya kilemba.

"Baba," nikasema, "humu umetia nini?"

"Humo?" Akashangaa kama nimemuuliza anapumua nini. "Mafuta. Grisi si hakuna? Mama watoto anakamua mafuta ya nazi mazuri sana, ya tui la kwanza. Kila Jumapili gari likipumzika nalijazia hapo kidogo, lisikauke."

"Si ulisema hujagusa kitu?"

"Kulilisha ni kuligusa?"

Wale mliokulia Dar mnajua mafuta ya nazi yanavyofanya wakati wa kipupwe. Usiku yanaganda kwenye chupa, meupe kama samli, na asubuhi lazima uyaweke juani au kwenye maji ya moto ndipo yamwagike. Kila mwanamke wa mji ule alilijua hilo, na wanaume pia, maana nao walijipaka. Ila hakuna aliyefikiria kwamba mafuta yaliyomo kwenye gari nayo yanalala baridi. Miezi ya joto Mzee Issa alijazia na mambo yakaenda vizuri sana. Kipupwe kilipokuja, yaliganda na vumbi lake ndani ya bomba, springi ikashindwa. Injini ikishapata moto, ukuta wote wa boneti unapata moto, mafuta yanayeyuka, na gari linafika Gerezani likiwa malaika.

Nilimweleza. Nilidhani atacheka. Badala yake alikaa chini kwenye tairi kuukuu, akashika kichwa.

"Basi ni mimi," akasema. "Siyo gari. Ni mimi." Akaniangalia. "Binti yangu, waambie springi. Sema springi ilikuwa mbovu, umeikaza, imepona. Nani atajua?"

Nilimwambia nitaongea na mzee wangu kwanza. Nilifunga viungio kama vilivyokuwa, nikamwomba asilitoe gari mpaka nimpe jibu, samaki wakafuatwa kwa mkokoteni. Mzee Nambunga alinisikiliza mpaka mwisho, akaliomba lile donge jeupe, nikamwambia limeshayeyuka, akainusa mikono yangu akatikisa kichwa.

"Niwaambie ni springi?" nikauliza. "Mtu ana watoto sita."

"Ukisema springi, madereva wote wa mji huu watatafuta springi ambazo hazipo, na wataendelea kutia nazi. Mwingine hataishia kugonga vitumbua." Akavuta ndoo akakaa. "Sema kweli. Lakini usiiseme kwa mdomo. Waonyeshe. Mtu akiona kwa macho yake hatafuti wa kumlaumu, anatafuta mahali pa kukaa. Na bomba usilisafishe mpaka waone."

Ushauri ulikuwa mzuri, ila ulikuwa na tundu. Kamati ilikutana Ijumaa saa kumi jioni, baada ya swala na baada ya samaki kwisha. Jua la saa kumi pale Kariakoo linaweza kuyeyusha mafuta ya nazi hata yakiwa yamefungwa mnazini.

Tulikuta wamekaa kwenye maboksi uani, mbele ya pikapu. Mwenyekiti alikuwa Bi Zuhura, mwanamke mpana, muuza samaki, aliyekuwa na namna ya kunyamazisha kikao kwa kukunja kanga upya. Bwana Mushi alikuwa pembeni yake. Siwezi kumsema vibaya. Mtu aliyeponea hatua moja ana haki ya kuwa mkali.

"Ndugu mwenyekiti," akaanza, "mimi sina ugomvi na Mzee Issa. Nauliza jambo moja. Kesho akiua mtoto, nani kati yetu ataenda kwa mama wa mtoto?"

Lilikuwa swali la kweli. Mzee Issa alitazama viatu vyake.

Nikaeleza niliyoyaona. Bwana Mushi akasikiliza, akainuka, akaingia kwenye pikapu, akaikanyaga pedali, akaiachia. Ikarudi. Akakanyaga tena. Ikarudi vizuri kuliko mara ya kwanza.

"Dada fundi," akasema kupitia dirishani, "mbona inarudi?"

Watu wakacheka. "Jua limewaka, ndugu katibu. Inaganda asubuhi, wakati wa baridi."

"Kwa hiyo tukuamini tu mpaka asubuhi?"

"Njooni alfajiri muone wenyewe."

"Kamati haikai alfajiri. Alfajiri wengine tunafungua maduka, na juzi nusura nisifungue tena." Wakacheka tena, na safari hii kicheko hakikuwa upande wetu. Nilimtazama Mzee Nambunga. Alikuwa anaitazama ndoo ya samaki iliyokuwa mbali, kama anayetaka kuipindua akae.

Bi Zuhura alikunja kanga yake. "Ngojeni," akasema. "Huyu binti anataka baridi?"

"Ndiyo, mama."

"Baridi si tunayo?" Akaelekeza kidevu kwenye sanduku lake la samaki. Ndani, chini ya magunia, kulikuwa na barafu iliyobaki ya Feri, imevunjwavunjwa, ina magamba ya changu. "Chukueni. Harufu yake mtaivumilia, ndiyo iliyotulea."

Tulijaza barafu kwenye gunia, nikalizungushia lile bomba kama bandeji, nikafunga kwa kamba. Boneti tukaifunika isiingie joto. Kisha tukasubiri, na kusubiri kwa kamati ni kazi ya kelele. Walijadili bei ya nyanya, walijadili mvua, walinijadili mimi na ovaroli yangu. Bi Zuhura aliniuliza kama nimeolewa. Nikasema bado. Akasema si ajabu, mchumba hawezi kunipata humo ndani. Maji ya barafu yalitiririka chini ya pikapu, paka wa soko wote wakaja kuhudhuria kikao.

Kisha nikamwomba Bwana Mushi aingie tena. "Usiwashe. Kanyaga mpaka chini, uinue mguu."

Akakanyaga. Akainua mguu, akautoa kabisa nje ya mlango ili tuuone wote, ukiwa na kiatu chake kilichong'aa. Kisha akainama akatazama ndani.

Pedali ilikuwa imelala sakafuni.

Bwana Mushi aliingiza ncha ya kiatu chini yake akaipandisha taratibu, akaikanyaga tena, ikalala tena. Aliposhuka alikuwa mtu mwingine. "Na mguu wangu uko hapa nje," akasema, kana kwamba anauhesabu.

Nilifungua boneti, nikachokonoa kwenye tundu, nikamwekea donge jeupe kiganjani. Likayeyuka. Akanusa. "Hii ni..."

"Nazi," akasema Bi Zuhura. "Ninyi wa milimani mnaijua kwenye wali tu."

"Nani alitia nazi kwenye gari la ushirika?" akauliza Bwana Mushi.

Nilikuwa nimefungua mdomo nijibu. Mzee Issa alisimama kabla yangu, akavua kofia.

"Mimi, ndugu katibu. Kwa mkono wangu. Grisi ilikuwa hakuna, nikaogopa chuma kitasagana. Nilitaka liishi. Kama ni kuondoka, naondoka, lakini mjue sikulewa."

Wa kwanza kusema alikuwa Bi Zuhura, naye hakumtazama Mzee Issa kabisa. Aliwatazama wengine.

"Cherehani yangu," akasema polepole, "nimeitia nazi tangu mwaka jana. Asubuhi inakuwa nzito, naipiga makofi. Mchana inashona yenyewe. Nilidhani ina kijicho cha jirani."

Mtu mmoja akasema baiskeli yake. Mwingine akasema bawaba za mlango. Mzee mmoja wa mboga akakiri kwamba mizani ya ushirika yeye ndiye anayeitia, kila Jumamosi, na wauza samaki wote wakageuka wakamtazama kwa namna ambayo ilihitaji kikao kingine.

Bwana Mushi bado alikuwa anasugua vidole. "Kufuli langu," akasema.

"Kufuli lina nini, ndugu katibu?"

"La duka. Asubuhi linagoma. Nalibembeleza nusu saa nzima. Nimekuwa nikilaumu hewa ya bahari." Kisha akawa wa kwanza kucheka, na hapo ua wote ukapasuka, hata Mzee Nambunga, ambaye sikujua kama ana meno.

Uamuzi uliandikwa kwa mstari mmoja: dereva aendelee, na bomba lisafishwe. Nililifungua kesho yake, nikaliosha kwa mafuta ya taa mpaka ufito ukazunguka kwa pumzi, kisha nikalitia matone ya oili chakavu ya injini tuliyoichuja kwa kitambaa. Lile tundu Mzee Nambunga aliliziba kwa kijiti cha mbao. Alimwambia Mzee Issa, "Likiwa na njaa, lilete hapa tulilishe sisi."

Nimeshika magari mengi tangu hapo, na mengi yalikuwa magumu zaidi. Lakini nikisikia dereva anasema "sijagusa kitu", bado namuuliza anachokifanya kwa mapenzi, kwa sababu hicho hahesabu.

Jumatatu alfajiri nilipita pale kwenye kona, si kwa kazi. Nilitaka kuona. Pikapu ya kijani ilitoka getini, ikafika kwenye kona, na niliiona kabisa ikipungua mwendo, ikainama kidogo mbele kama inavyopaswa, ikakata taratibu. Mama Kidawa alikuwa amesimama kwenye mdomo wa uchochoro wake, mwiko mkononi, anatazama.

"Mzee Issa!" akamwita. "Mguu leo uko wapi?"

"Juu, mama!" akajibu kutoka dirishani. "Uko juu na gari nalo linajua!"

Mama Kidawa alimaliza kugeuza vitumbua vilivyokuwa karaini, akavipakua. Kisha akashika meza yake upande mmoja, akaniambia nisisimame bure, nishike upande wa pili, na tukairudisha kwenye kona.